Chang'aa ya Mama Yangu Ilikuwa Safi

Hotuba ya muuguzi mstaafu katika baraza la chifu, Shinyalu, kaunti ya Kakamega

Mulembe! Mulembe tena, maana wale mlio chini ya mkaratusi sijawasikia.

Chifu wetu, wazee wa vijiji yaani maliguru, wachungaji, mama zangu, na nyinyi vijana mlioegesha pikipiki pale barabarani, asanteni kwa kuniita. Chifu aliponipigia simu alisema nije niwaeleze pombe inavyoharibu ini na figo, kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa wodi ya wanaume. Nitaeleza. Ila kwanza mjue anayezungumza nanyi ni nani.

Mimi nimesomeshwa na chang'aa.

Karo yangu, tangu darasa la kwanza mpaka nikamaliza chuo cha uuguzi, ilitoka kwenye pipa lililokuwa likichemka nyuma ya migomba, karibu na mto Isiukhu. Mama aliloweka unga wa mahindi na kimea cha wimbi, akatia sukari guru, akaacha siku kadhaa mpaka ichachuke. Kisha aliimimina ndani ya pipa, akaweka kisufuria ndani cha kukinga matone, juu akafunika kwa karai la maji baridi. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya karai yakipata moto. Kikombe cha kwanza alikimwaga, hakumwuzia mtu. Hakuwahi kuongeza kitu chochote. Wateja walitoka mpaka Khayega kwa sababu ya jina lake. Wakimimina kidogo kwenye kifuniko na kuwasha kibiriti, iliwaka bluu, nao wakasema: hii ndiyo safi.

Na kweli ilikuwa safi. Baba yangu alikufa kwa kuinywa. Hakufa kwa sumu wala hakufa kwa siku moja. Ilimchukua kama miaka 20.

Ndiyo sababu sikuja kuwahubiria juu ya pombe chafu. Pombe chafu mnaijua. Novemba 2000 iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, upande wa Mukuru. Mei 2014 ikaua makumi ya watu Embu na kwingineko. Ndani yake mlikuwa na methanoli, spiriti ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Waliopona wengine walibaki vipofu. Na kile kibiriti hakisaidii kitu: methanoli nayo huwaka, tena kwa mwali wa bluu hafifu.

Tukaogopa, na tulikuwa na haki ya kuogopa. Lakini katika kuogopa ile chafu tukajidanganya kwamba iliyo safi haina neno. Nimeambiwa hivyo na wagonjwa wengi sana. "Sista, mimi sinywi takataka, nanunua kwa mama fulani." Mwingine ananiambia yeye hunywa ya chupa, tena yenye stika ya KRA. Ndugu zangu, stika ile inasema kodi imelipwa. Haina habari na ini lako. Pombe yenyewe, ile ethanoli, ni moja, iwe ndani ya mtungi wa busaa, ndani ya glasi ya chang'aa, ndani ya bia au ndani ya chupa nzuri ya supamaketi.

Sasa tuingie kwenye ini. Liko hapa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Mnaochinja mbuzi mnalijua ini zima: jekundu la giza, laini, ukilikata kisu kinateleza. Mnalijua pia ini la mnyama aliyeingiwa na minyoo ya ini, lile gumu lenye makovu, ambalo mkaguzi wa nyama hulikataa. Ini la mtu aliyekunywa sana miaka mingi nalo hugeuka hivyo. Huwa gumu, limejaa vinundu, limesinyaa. Kitaalamu huitwa sirosisi. Mimi naliita ini la makovu.

Hufikaje hapo? Karibu pombe yote unayokunywa huenda kusagwa kwenye ini. Ini huigeuza kwanza kuwa kitu kinachoitwa asetaldehidi, ambacho ni kikali kuliko pombe yenyewe, kisha hukigeuza tena kuwa kitu kisichodhuru. Katikati hapo ndipo chembe za ini huungua. Na ini halikimbizwi. Linasaga gramu 7 au 8 hivi kwa saa. Chupa ndogo ya robo lita, ya asilimia 40, ina gramu karibu 80. Fanyeni hesabu wenyewe. Kijana aliyeimaliza saa nne usiku, ini lake bado liko kazini saa mbili asubuhi anapobeba mtoto wa mtu kwenda shule. Akitoa loki, yaani akizimua, kwa glasi moja asubuhi hiyo, amelirudisha kazini kabla halijapumzika. Na hapo nimezungumzia chupa yenye lebo. Chang'aa haina lebo. Ya leo na ya jana, kutoka kwa pipa lile lile, hazina nguvu sawa.

Kwa wanaokunywa sana, takriban 9 kati ya 10, ini huanza kwa kujaa mafuta. Huumwi popote. Baadhi yao huendelea mpaka ini likavimba, na baada ya miaka mingi kama watu 10 hadi 20 kati ya 100 huishia kwenye makovu. Najua kuna mtu hapa anawaza, basi 80 wamepona. Hawajapona. Kuna kongosho, kuna moyo, kuna presha, kuna lori lililokuja usiku. Na hakuna mtu aliyezaliwa na alama kwenye paji la uso ya kuonyesha kwamba yeye yuko kwenye wale 80.

Kuna mwingine wa kuhurumiwa sana, naye ni yule tunayemsifu. "Huyu mzee ni mwanamume kweli, anakunywa usiku kucha na hayumbi." Kutoyumba maana yake ni kwamba ubongo wake umezoea, na ini lake limelazimika kubeba zaidi ya mwenzake. Ulevi haupimwi kwa kuanguka mtaroni. Nimewauguza watu wenye makovu ya ini ambao hawakuwahi kuonekana wamelewa hata siku moja. Walikuwa tu na bia zao mbili tatu kila jioni, kwa miaka 15 au 20.

Mama zangu, nanyi sikilizeni. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume mwenye uzito ule ule, kwa hiyo glasi ile ile humwingia zaidi kwenye damu. Ini lake huharibika mapema, tena kwa kiasi kidogo. Nawaza hasa wale mnaouza, maana anayeuza huonja kila jerikeni.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mambo mengi ni kweli. Ini hunyesha bila mawingu. Linaweza kuharibika kwa sehemu kubwa na bado likakufanyia kazi zake zote, ukalima, ukacheza isukuti, ukaoa. Ukiona macho ya manjano, usifikiri ugonjwa ndiyo umeanza. Umeanza zamani, na sasa ini limeshindwa kuuficha.

Nirudi kwa baba.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kwanza miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kisha tumbo likaanza kujaa huku mikono na mabega yakikonda, akawa kama mtu aliyebeba mtoto. Kifua kikamwota matiti, akawa anavaa koti hata jua kali. Mchana alilala, usiku alizunguka uani akiita watu waliokufa. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake, shangazi yangu aliyefariki kabla sijazaliwa.

Majirani zetu wa upande wa Kisumu labda wangesema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Sisi tulisema ni baba mdogo. Kulikuwa na mpaka wa shamba ambao yeye na baba walikuwa wameugombania, basi kila mtu nyumbani akajua ni nani aliyemfunga baba tumbo. Tuliuza mbuzi wawili kumlipa mganga. Baba akapelekwa hospitali akiwa ameshatapika damu beseni nzima, na hakurudi. Baba mdogo hakuruhusiwa kutupa udongo kaburini.

Miaka minane baadaye, nikiwa muuguzi mchanga, nilimpokea mgonjwa wodini. Miguu ile ile, tumbo lile lile, matiti yale yale, akiita watu ambao hawapo. Daktari akatueleza palepale kando ya kitanda. Damu yote inayotoka matumboni lazima ipite kwenye ini, na ini likiwa gumu damu hukwama kama mto uliozibwa. Hutafuta njia za pembeni kwenye mishipa myembamba ya koo la chakula, nayo hufura mpaka siku moja hupasuka. Protini ya kushikilia maji ndani ya mishipa hutengenezwa na ini, na isipotengenezwa maji huvujia tumboni na miguuni. Taka ambazo ini lingesafisha hupanda ubongoni, mtu akachanganyikiwa. Hata matiti ni ini kushindwa kuweka sawa homoni. Nilisimama pale na trei mkononi, nikayaona yote yaliyompata baba yangu, hatua kwa hatua.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu nikaenda kwa baba mdogo. Nilimwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimpenda ndugu yangu." Watoto wake na ndugu zangu wengine mpaka leo hawasalimiani. Nawasihi, maliguru na wachungaji hasa: mkiona tumbo limevimba, kabla hamjatafuta aliyeloga, ulizeni kwanza marehemu au mgonjwa alikuwa anakunywa nini, na kwa miaka mingapi.

Kuna jambo moja la baba ambalo lilinichukua muda zaidi kulielewa. Wiki yake ya mwisho alikauka mkojo. Mama alidhani ni kwa sababu hanywi maji, akawa anamlazimisha uji. Kumbe figo zilikuwa zimefunga.

Figo ni mbili, kila moja kama ngumi, huku nyuma chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja maji ya damu kama lita 180, nyingi huzirudisha mwilini na kidogo tu huenda kuwa mkojo. Sasa ini likiwa na makovu, mishipa ya damu ya matumboni hulegea, damu hujaa huko, na figo hupata kidogo mno. Hubana mishipa yake zikitafuta kuokoa kilichopo, mpaka zinaacha kuchuja. Nimeshika ndoo wakati daktari akitoa lita 8 za maji kwenye tumbo la mtu, na mtu huyo huyo figo zake zilikuwa zinakufa kwa kiu. Figo zenyewe hazina kidonda. Madaktari waliwahi kuzitoa figo za namna hiyo kwa mtu aliyefariki, wakampandikizia mwingine mwenye ini zima, zikafanya kazi. Ini ndilo lililoziua. Na mgonjwa akishafika hapo, tuseme ukweli, wengi huwa wamebakiza wiki chache tu.

Ndipo ninapokasirika nikisikia mtu anasema bia inasafisha figo. Nimeisikia mpaka kwa wasomi. Kwamba ukinywa unakojoa sana, kwa hiyo uchafu umetoka. Unakojoa kwa sababu pombe huizuia homoni ya ubongo inayoziambia figo zibakize maji. Unapoteza maji. Ndiyo sababu asubuhi ulimi umekauka na kichwa kinagonga.

Njia nyingine ya pombe kufika kwenye figo ni presha. Unywaji wa kila siku hupandisha presha, na presha isiyotibiwa hupasua vichujio vya figo polepole. Nendeni mkaone vitengo vya kusafishia damu katika hospitali zetu za rufaa. Wengi walioketi pale waliletwa na presha au sukari ambayo hawakujua wanayo. Mtu anafungwa kwenye mashine kama saa nne mfululizo, mara mbili au tatu kwa wiki, na hilo si la mwezi mmoja. Anaacha shamba, anaacha pikipiki, mke wake anaacha kibanda cha mboga ili amsindikize.

Vijana, mna tabia moja ambayo lazima niitaje. Umekunywa usiku, asubuhi mgongo na kichwa vinauma, unapitia dukani unanunua Brufen au diklofenaki, unameza bila chakula, unapanda pikipiki. Dawa hizo huibana ile ile mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na wewe tayari umekauka maji. Panadol nayo, ikizidi kipimo, huchoma ini, na ini la mnywaji huchomeka kwa kipimo kidogo kuliko la mwenzake. Na wanaomeza dawa za TB wasiguse pombe kabisa, kwa sababu dawa hizo peke yake tayari ni mzigo kwa ini.

Mahindi yaliyoota ukungu msiyapeleke kwenye busaa. Sumu ya ukungu ule, aflatoksini, huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watoto wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mliozaliwa kabla ya hapo, wengi wenu hamkuchanjwa. Ombeni kupimwa.

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulionyesha eneo letu la Magharibi ndilo lenye wanywaji wengi kuliko maeneo yote ya Kenya, karibu watu 24 kwa kila 100, wakati nchi nzima ni kama 12. Hapa tuko zaidi ya 200. Kwa hesabu hiyo, kama watu 50 waliokaa kwenye nyasi hizi wanakunywa, na wengi wao wana afya kabisa kwa kuwatazama. Nimewajia nyinyi hasa. Aliyefika hatua ya baba yangu nina machache ya kumpa, ingawa hata mwenye makovu akiacha leo huongeza miaka yake. Lakini wewe ambaye ini lako ndiyo kwanza limejaa mafuta, ukiacha, mafuta hayo huondoka ndani ya wiki chache. Ini hujijenga upya kuliko kiungo chochote ndani ya mwili. Nimeona vipimo vya mtu vikirudi sawa ndani ya miezi michache, mtu ambaye mkewe alishaanza kununua kanga za matanga.

Kuacha nako kuna namna yake, na hapa akina mama mnisikilize vizuri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, asikatishwe ghafla nyumbani. Najua mnavyofanya, mnamfungia kijana ndani, mnamwachia chai na maandazi, mnasema atazoea. Nilimpokea mmoja aliyefungiwa hivyo na mama yake kwa upendo. Siku ya pili alianguka kifafa. Siku ya tatu alikuwa anapangusa siafu ukutani, na siafu hawakuwapo, moyo ukimwenda mbio, mwili moto. Hali hiyo huua. Hospitali kuna dawa za kumtuliza siku hizo za mwanzo, na kuna vitamini B1 ya kuulinda ubongo wake. Mleteni. Simu ya NACADA ya 1192 haitozi pesa, na anayepokea atakuelekeza. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayemcheka.

Nimalizie na nyinyi mnaopika. Mnanitazama tangu nianze na najua mnachouliza moyoni: je, na karo ya watoto wangu? Sikuja na jibu la kukuzima mdomo. Mama yangu hakuwa mwovu. Alikuwa mjane mwenye watoto sita na pipa. Sheria ilikuwa imepiga marufuku chang'aa tangu 1980, polisi walimwaga, alipika tena keshoye kwa sababu sisi tulikuwa tunakula. Baada ya mimi kumweleza kilichomwua baba, alikaa kimya siku mbili, kisha akaenda kuliviringisha lile pipa mpaka kwenye boma la ng'ombe, likawa la kunyweshea. Aliuza maziwa na mboga, na mdogo wangu wa mwisho alichelewa shule mwaka mzima. Sitawaficha hilo. Chifu ameniambia kuna kikundi cha akina mama hapa kinachoanza kuku na miche ya parachichi, na pesa zangu za kiinua mgongo zilizobaki nimetia humo, si nyingi, mwenyekiti wenu anajua ni kiasi gani.

Pale kwenye meza chini ya mwembe wapo wauguzi wawili kutoka zahanati. Wanapima presha, wanapima mkojo kama una protini, na wanatoa barua ya kwenda kupimwa ini na figo kwa damu. Hawaandiki kwenye karatasi kwamba wewe ni mlevi. Wanauliza tu unakunywa kiasi gani kwa wiki. Tafadhali waambie ukweli, kwa sababu kila mgonjwa niliyemwuliza aligawa kwa mbili.

Naona mzee pale nyuma ameinua fimbo tangu nilipotaja figo. Mpeni kipaza sauti. Uliza, baba.